Mbwa Kali wa Kilo Mbili

Kwenye mageti ya Kenya kuna kibao ambacho kila mtu anakijua: MBWA KALI. Kiko Karen, kiko Kakamega, kiko mtaa wa Burumba hapa Busia. Herufi nyekundu, wakati mwingine na picha ya mbwa aliyekenua meno. Lakini siku hizi ukigonga geti kama hilo huku mpakani, unaweza kusikia sauti nyembamba kama ya bawaba isiyotiwa mafuta, kisha kikatoka kitu cha manyoya ambacho kingetosha kulala ndani ya sufuria ya ugali. Unacheka. Kila mtu hucheka. Na kabla hujawasalimia wenye nyumba, mkono wako tayari umeinama kumwokota.

Nataka tuongee kuhusu huo mkono. Una historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Nilihamia Busia baada ya kuacha chuo. Kodi ni nafuu kuliko Nairobi, na mtu anayelipwa kwa makala hachagui sana. Ploti yetu ina nyumba kumi na mbili na uwanja mmoja wa kuanikia nguo, na kwa muda ambao nimekaa hapa nimeona mbwa wadogo wakiongezeka polepole, nyumba moja baada ya nyingine. Kuna Yorkie, Maltese, Pomeranian, Chihuahua, na wale ambao hata mwenyewe hajui ni nini, anasema tu "ni hawa wa kukaa ndani." Wengine huja na basi la usiku kutoka Nairobi, ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Wengine huvuka kutoka upande wa Uganda. Malaba niliwahi kuona mmoja akichungulia dirishani mwa lori lililokuwa kwenye foleni, masikio yamesimama kama ndiye mwenye mzigo.

Safari ya mwisho, kutoka steji hadi nyumbani, huwa ni bodaboda. Hapo historia inajitania yenyewe, kwa sababu neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu huu, miaka ya 1960 na 1970, vijana wa baiskeli walipokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka kituo cha upande mmoja hadi kituo cha upande wa pili, wakiita abiria: boda! boda! Mpaka umetufundisha kubeba kila kitu. Kahawa ya magendo enzi za Amin, sukari, mayai, mgonjwa, kitanda cha sita kwa sita. Hiki kipya ndicho hatujafundishwa kukibeba.

Tuanze na mizani. Kwa viwango vya American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, Chihuahua hapaswi kuzidi pauni 6, yaani kama kilo 2.7. Yorkie mwisho ni pauni 7, kilo 3 na kitu. Pomeranian ni kati ya pauni 3 na 7. Kwa hivyo mbwa mzima, mwenye miaka mitano na hasira zake kamili, anaweza kuwa na uzito wa pakiti moja ya unga. Pakiti ya unga ikikuponyoka, inapasuka. Na pakiti ya unga haijinyongi mikononi mwako ikitaka kushuka.

Madaktari wa mifugo wanajua mahali mbwa hawa huvunjika: ile mifupa miwili ya mguu wa mbele, juu kidogo ya kifundo. Ni myembamba mno, na sehemu hiyo ina mishipa michache ya damu, ndiyo maana huchelewa kuunga na wakati mwingine hukataa kabisa. Haihitaji kuanguka kutoka ghorofani. Kochi linatosha. Mikono ya mtoto aliyesimama inatosha. Chihuahua wengi wana sehemu laini utosini, kama ya mtoto mchanga, na kwa baadhi yao haifungi maisha yote. Koo la mbwa hawa ni dhaifu, ukimvuta kwa kamba ya shingoni anaanza kukohoa kama bata. Na wale wachanga wakikaa saa kadhaa bila kula, sukari ya damu inashuka, wanayumba, wanazimia.

Sasa swali la historia ni hili: nani alitengeneza mnyama wa aina hii, na alitarajia aishi vipi?

Udogo wenyewe ni wa kale. Mwaka 2007 watafiti walitambua jeni moja, IGF1, inayochangia sana udogo wa mbwa. Mwaka 2022 wengine wakaonyesha kwamba badiliko la jeni linaloleta udogo huo lilikuwako tayari kwa mbwa mwitu wa zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Kwa hivyo udogo ulikuwa umejificha kwenye damu tangu zamani. Binadamu aliuona, akaupenda, akauzidisha. Roma ya karne ya kwanza, mshairi Martial aliandika kuhusu Issa, kijibwa aliyependwa na bwana wake Publius hadi akachorewa picha. China, katika majumba ya wafalme, walizalisha Pekingese, na wale wadogo zaidi walibebwa ndani ya mikono mipana ya kanzu za hariri. Fikiria hilo kidogo: mnyama aliyepunguzwa mpaka akatosha kwenye nguo ya mtu.

Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliteka Beijing na kupora Kasri la Majira ya Joto. Ndani yake wakakuta Pekingese watano. Mmoja alichukuliwa na ofisa Mwingereza, Kapteni John Hart Dunne, akapelekwa London na mwaka 1861 akakabidhiwa Malkia Victoria. Wakamwita Looty, yaani Kiporwa, bila aibu yoyote. Aliishi Windsor hadi 1872. Aliyetoa amri ya kuchoma kasri hilo ni Lord Elgin, yule wa nane. Kama jina hilo umelisikia darasani, huenda ni kwa sababu ya mwanawe, Lord Elgin wa tisa, aliyekuwa waziri wa makoloni kuanzia 1905 hadi 1908, na ambaye ahadi yake ya mwaka 1908 ilitumika kuwafungia Wahindi nje ya ardhi ya nyanda za juu za Kenya, zikabaki za walowezi wazungu. Baba alichoma nyumba ya mbwa, mwana akagawa mashamba yetu. Familia moja.

Victoria huyohuyo aliwapenda Pomeranian. Zamani Pomeranian walikuwa mbwa wa kati, wazito kiasi cha kumwangusha mtoto. Mwaka 1888 malkia alinunua mmoja mdogo kule Florence, akaitwa Marco, na tangu hapo kila mwenye pesa akataka mdogo kama wake, hadi ndani ya kizazi kimoja aina nzima ikapungua. Malkia alipofariki Januari 1901, kitandani kando yake alikuwa Pomeranian wake mwingine, Turi. Desemba mwaka huohuo reli ilifika Kisumu. Na tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa upande ambao baadaye ungeitwa Kenya. Watu wa sehemu tunazoziita leo Busia na Malaba ya Kenya waliamkia nchi nyingine bila kusogeza kigoda.

Yorkie ana hadithi tofauti kidogo, ya watu wa chini. Wafumaji kutoka Scotland waliokwenda kutafuta kazi kwenye viwanda vya Yorkshire walikuja na mbwa wao wa kukamata panya. Mbwa anayeheshimiwa kama baba wa aina hiyo, Huddersfield Ben, alizaliwa 1865. Alikuwa na karibu kilo 5, lakini watoto wake wengi walibaki chini ya nusu ya hapo, na waandaaji wa maonyesho walitaka wadogo zaidi na zaidi. Ben alikufa 1871 kwa kugongwa na gari la farasi. Miaka miwili baadaye Kennel Club ya Uingereza ikaanzishwa, na mbwa wa panya akawa mbwa wa utepe.

Angalia kinachofanana katika hadithi hizi zote. Kokote mbwa alikopunguzwa, kulikuwa na mtu aliyewekwa kati yake na mikono ya wengine. Kwenye kasri la China kazi hiyo ilikuwa ya matowashi. Windsor kulikuwa na mabanda ya kifalme na watumishi wake. Mtoto wa mfalme aliweza kumshika mbwa, ndiyo, lakini palikuwa na mtu mzima aliyelipwa kuangalia anamshikaje. Wale waliomfanya awe mdogo walikuwa na uwezo wa kuajiri wa kumlinda. Mwili wake na mlinzi wake vilitengenezwa pamoja.

Sisi tumepokea mwili. Mlinzi alibaki Windsor.

Na huku kwetu mbwa alikuwa na mkataba mwingine kabisa. Kwa Waluhya, kwa Iteso, kwa majirani zetu Wajaluo, mbwa alikuwa mfanyakazi. Aliwinda, alilinda boma usiku, alifuata ng'ombe. Alikula kilichobaki na kulala nje. Hakuwa wa kubembelezwa na hakuna aliyemwonea huruma kwa hilo. Mtoto alijifunza mapema kwamba kati yake na mbwa kuna nafasi: mpe chakula, muite jina, lakini usimkumbatie.

Walowezi walipofika walikuwa na jina la mbwa hao. Waliwaita shenzi. Neno lilelile la Kiswahili la pwani la kumdharau mtu wa bara, likahamishwa hadi kwa mbwa wake. Kuvuka Uganda na kuingia Congo unalikuta tena: Basenji, mbwa mdogo wa uwindaji asiyebweka kama wengine, jina lake la Kilingala ni ndugu wa neno washenzi. Mwaka 1937 mwanamke Mwingereza, Olivia Burn, aliwaonyesha Basenji kwenye maonyesho ya Crufts jijini London, na watu wakamiminika kuwatazama. Yaani mbwa wa kijijini akivuka bahari anakuwa aina yenye cheti. Akibaki kijijini, ni shenzi tu.

Usishangae basi kwamba mbwa wa kubebwa anatuchekesha kwa namna yenye uchungu ndani yake. Mwaka 1907 mlowezi Ewart Grogan aliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Mwaka 1910 chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilikuwa kimeshaanzishwa jijini humohumo. Sisemi chama kilikosea, wanyama walistahili na bado wanastahili. Nasema tu babu zetu waliona mpangilio huo wa huruma, nani wa kwanza na nani wa mwisho, wakauweka moyoni. Ndiyo maana hadi leo mzee akiona mbwa amevalishwa sweta, kicheko chake kina meno.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Kenya kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Mwaka 1928 ikaripotiwa habari ya mtu, mwanamke wa upande wa Ziwa Viktoria, yaani huku kwetu. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa leseni, amri za kufunga mbwa, na risasi. Sheria ya kichaa cha mbwa bado iko kwenye vitabu, Sura ya 365. Lakini ulinzi wa kweli wa watoto wa vijijini haukutoka kwa karani wa leseni. Ulitoka kwa kukhu.

Kila mtu aliyelelewa huku ana kukhu aliyesema maneno hayo, kwa Kisamia, Kimarachi au Kikhayo: mbwa akila muache, mbwa akilala muache, mbwa usiyemjua usimpe mgongo wala usimkimbie. Mama huyo hakuwahi kusoma kitabu cha virusi. Lakini ukizichukua amri zake tatu na kuziweka kando ya kile wataalamu wanachofundisha leo kuhusu kuzuia kuumwa na mbwa, ni zilezile. Umbali ulikuwa sayansi yetu.

Sasa weka mikataba hii miwili kwenye ploti moja yenye uwanja mmoja wa kuanikia nguo.

Jirani yangu alikuwa na kijibwa, mchanganyiko wa Yorkie na mwingine, mwenye miezi minne. Siku moja wakaja wageni kutoka nyumbani, kina shangazi na watoto, kwa ajili ya matanga ya jamaa upande wa Nambale. Watu wazima wakakaa ndani na chai, watoto nje na mbwa. Mtoto wa miaka sita akambeba kama anavyobeba mdogo wake, kifuani, miguu ikining'inia. Mbwa akaona paka. Akaruka.

Alikufa usiku huohuo. Yalikuwa mambo ya kichwa, daktari wa mifugo alisema. Lakini kilichonikaa akilini ni yaliyomfuata yule mtoto. Alichapwa kwanza na mamake, mbele ya wageni, ili mwenye mbwa aone kwamba jambo limechukuliwa kwa uzito. Halafu akapata jina. Wiki nzima waliyokaa, watoto wa ploti walimwita "muuaji," kwa utani, watu wazima wakasikia na kunyamaza. Alikuwa haji tena uwanjani. Alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango, mikono ameikalia.

Mtoto yule hakumuua mbwa. Alikuwa na mikono ya miaka sita, na mtu akaiweka kwenye mwili ambao hata matowashi wa mfalme walipewa mafunzo ya kuushika. Kwa mtoto wa miaka sita, kupenda ni kubana. Huko ndiko alikofika katika kukua kwake. Kama kuna wa kuulizwa, ni mwenye nyumba na walezi waliokuwa ndani, maana kazi ya mlinzi haikuwa ya mtu yeyote siku hiyo.

Kwa hivyo kazi hiyo ni ipi hasa? Niliuliza madaktari wa mifugo wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande wa pili wa mpaka, na majibu yao yalifanana kiasi kwamba naweza kuyaandika kama jibu moja.

Sheria ya kwanza: mtoto hambebi mbwa. Kamwe. Mtoto anakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, na mbwa ndiye anayeamua kama atakuja. Kutoka kwenye mapaja ya mtoto aliyekaa sakafuni, mbwa akiruka anaruka sentimita chache. Kutoka kifuani mwa mtoto aliyesimama anaruka karibu mita moja. Tofauti ya mbwa mzima na mbwa aliyevunjika ni hiyo.

Sheria ya pili ni ya watu wazima. Mkono mmoja unapita chini ya kifua, wa pili unashika makalio, na mwili wa mbwa unaegemea mwili wako. Usimnyanyue kwa makwapa kama mtoto wa picha ya ubatizo. Usimnyanyue kwa ngozi ya shingo, hata kama mamake alimbeba hivyo. Na ukimshusha, mshushe hadi miguu yote minne iguse chini ndipo uachilie. Wengi huvunjika kwenye ile nusu mita ya mwisho, mtu anapodhani ameshafika.

Sheria ya tatu: mbwa awe na mahali pa kukimbilia ambapo mkono haufiki. Kreti, kikapu chini ya meza, chumba cha kulala kilichofungwa. Na watoto waelewe kwamba akiingia huko, ni kama mtu ameingia chooni. Hafuatwi.

Sheria ya nne inahusu makalio, samahani. Nyumba zetu zina makochi yenye vitambaa, na mbwa wa kilo mbili hupenda kujificha chini ya kitambaa. Mgeni mzito akikaa bila kuangalia, hakuna daktari. Piga kochi kwa mkono kabla ya kumkaribisha mtu. Utaonekana mkarimu tu, kana kwamba unafuta vumbi.

Ya tano ni chakula. Mgeni mwenye upendo hutoa alichonacho: mfupa wa kuku, kipande cha chokoleti, nyama yenye vitunguu. Mfupa uliopikwa hupasuka na kutoboa. Chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwa mbwa, na dozi ya sumu hupimwa kwa uzito wa mwili. Kile ambacho jibwa la kilo 30 litatapika na kusahau, kinaweza kummaliza wa kilo mbili.

Najua kigumu hapa si kujua. Kigumu ni kusema. Utamwambiaje mjomba wa babako, aliyetoka Funyula kwa matatu mbili na amefika amechoka, kwamba asimshike mbwa wako? Kwetu mgeni haamrishwi. Mgeni akitaka kiti chako, unahama.

Dawa niliyoona ikifanya kazi ni kumtangulia. Jirani mmoja wa Malaba, mama Mteso, mgeni akifika geti, mbwa yuko tayari kwenye kreti ndani ya chumba cha kulala. Salamu kwanza, yoga kwa wote, maji, chai, habari za nyumbani. Mambo yakishatulia, watoto wakiwa wamechoka kuruka, ndipo anamtoa, yeye mwenyewe akiwa amekaa chini kwenye mkeka. Anayetaka kumuona mbwa inabidi akae mkekani. Hakuna mgeni aliyekatazwa kitu. Amekaribishwa mahali salama, basi. Mzee asiyetaka kukaa chini, na wengi hawataki, hataki pia kumshika mbwa, na heshima ya kila mtu imebaki palepale.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao vicheko vyetu vinauficha, nao ni meno. Mbwa mdogo aliyebanwa anauma, na huuma mapema kwa sababu hana njia nyingine. Kabla ya hapo huwa ameshatoa taarifa: amekakamaa, anajilamba mdomo, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa macho unaonekana, ananguruma. Watu huona akinguruma wanacheka zaidi, "ona huyu naye!", wanampiga video. Mbwa anayechekwa akinguruma hujifunza kwamba kunguruma hakusaidii. Siku nyingine anaruka hatua hiyo.

Na kwa sababu jeraha ni dogo kama la sindano, linafutwa kwa kiganja na kusahaulika. Hapo ndipo ninapoacha kucheka. Kichaa cha mbwa hakipimi kilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuambukizwa na mbwa, na wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi, na imekuwako tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Jeraha lolote, hata mkwaruzo: maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mbwa naye apate chanjo akiwa na miezi mitatu, halafu irudiwe kila mwaka.

Kenya ina mkakati wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa, uliozinduliwa 2014 ukiwa na lengo la 2030, na kaunti za kwanza kuchaguliwa zilikuwa Makueni, Kitui, Kisumu, Homa Bay na jirani zetu Siaya. Virusi havisomi ramani ya kaunti, wala ya nchi. Tangu Februari 2018, Kenyatta na Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha mpaka hapa Busia, mtu anasimama kwa ukaguzi upande mmoja tu na kupita. Mbwa anayevuka kihalali anatakiwa awe na cheti cha chanjo na karatasi za daktari wa mifugo. Lakini sote tunajua njia za panya, na zinapitisha mbwa vilevile. Ukinunua kijibwa aliyevuka usiku ndani ya katoni, kitu cha kwanza cha kumuuliza muuzaji si aina yake. Ni cheti. Kama hakuna cheti, mchukulie kama hajachanjwa, na watoto wasimguse kwanza mpaka aonwe na daktari.

Sipingi mbwa wadogo. Napenda kwamba mtu wa Busia, aliyelipa kodi na kubaki na kitu, anaweza kuamua kupenda mnyama asiye na kazi yoyote. Ni aina ya uhuru ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ya wachache wenye mashamba. Lakini ukimleta nyumbani, ujue umechukua mnyama pamoja na cheo kilichokuwa kikishikiliwa na mtu mwingine. Mlinzi wa mikono ya watu ni wewe. Si mtoto, si mgeni, si dada wa kazi ambaye hakuulizwa.

Na kukhu akija na kukwambia mbwa ni wa kuachwa atulie, usimwone wa kizamani. Muulize akupe amri zake tatu tena, uziandike, uzibandike ukutani kwa urefu ambao mtoto wa miaka sita anaweza kusoma.